Kanisa la Chilembwe pale Mbombwe, kiwanja kilikuwa cha nani?

Kila tarehe 15 Januari Malawi wanapumzika, ni sikukuu ya John Chilembwe, na kila mwaka nasoma maelezo yale yale, kwamba alikuwa shujaa, alipigana na Mwingereza mwaka 1915, akauawa. Basi. Sura yake iko kwenye noti za kwacha, jina lake liko barabarani, na kuanzia 2022 mpaka 2024 sanamu yake ilisimama Trafalgar Square mjini London. Lakini yule mtu alikuwa mchungaji wa kanisa la Kibaptisti kijijini, alifanya hiyo kazi ya uchungaji kama miaka 15, na vita yake ilikuwa siku kumi na moja tu. Sisi tumezishika hizo siku kumi na moja tukaiacha miaka 15, na mimi naona hapo ndo tunapokosea kuisoma hii historia.

Nitasema mapema ninachoamini ili usihangaike kunitafuta. Ukitaka kuielewa historia ya kanisa lolote la kijijini usianze na nani alihubiri nini, anza na kiwanja. Kanisa limesimama kwenye ardhi ya nani, nani alitoa ruhusa, na nani anaweza kuja kesho akasema bomoeni. Nimekulia kwenye kanisa la kijijini mimi, tofali tulifyatua wenyewe kwa msaragambo, akina mama walibeba maji toka mtoni, tanuru tukalichoma wiki nzima, na bado wazee wa kanisa kila kikao ajenda ilikuwa moja, hati ya kiwanja imefika wapi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naona wazee wanapoteza muda, siku hizi nikisoma habari za Mbombwe naelewa walichokuwa wanaogopa.

Mbombwe iko wilaya ya Chiradzulu, kusini mwa Malawi, nchi ambayo enzi hizo iliitwa Nyasaland. Ni nyanda za juu za mto Shire, kuna mvua, kuna udongo mzuri, na ndo maana walowezi walipagombania. Chilembwe alizaliwa maeneo hayo hayo miaka ya mwanzoni mwa 1870, na kwa masimulizi ya wengi baba yake alikuwa Myao (Wayao hawa hawa ambao kwetu wako Tunduru na Masasi) na mama yake Mmang'anja. Akasoma kidogo shule ya wamisheni wa Kiskoti pale Blantyre, alafu mwaka 1892 akakutana na Mwingereza mmoja, Joseph Booth, Mbaptisti, mtu wa ajabu kweli kwasababu alikuwa anasema wazi wazi kwamba Afrika ni ya Waafrika na kwamba misheni inatakiwa ijilishe yenyewe kwa kilimo na ufundi. Chilembwe akaingia kwake kama mpishi na mtumishi wa nyumbani, akawalea hata watoto wake, na kwenye 1897 Booth akaondoka naye mpaka Marekani. Kule waliachana, yeye akabaki mikononi mwa Wabaptisti weusi wa Marekani, wakamsomesha seminari ya Lynchburg, jimbo la Virginia. Ebu fikiria alifika lini. Watumwa walikuwa wameachiwa miaka thelathini na kitu tu nyuma, waalimu wake wengine walizaliwa utumwani au na wazazi watumwa, na mwaka 1898, yeye akiwa huko huko, weusi wa Wilmington, North Carolina, walishambuliwa na kuuawa na serikali yao ya mji ikapinduliwa na wazungu. Aliona makanisa ya weusi yanayomiliki majengo yao, shule zao na viwanja vyao, na aliona pia gharama yake.

Akarudi 1900, ameshawekewa mikono ya uchungaji, ana suti, ana msaada wa umoja wa Wabaptisti weusi wa Marekani, na kitu cha kwanza cha maana alichofanya ni kununua ardhi. Ekari 93 hivi. Misheni akaiita Providence Industrial Mission, watu wakaizoea kwa kifupi, PIM. Nataka ukae kidogo na hizo ekari 93 kwasababu jirani yake kulikuwa na shamba la ekari zaidi ya 160,000. Hujasoma vibaya, zaidi ya laki moja na sitini elfu. Hilo ni shamba la Magomero, mali ya familia ya Bruce, na huyo Alexander Low Bruce alimuoa Agnes, binti wa David Livingstone yule mpelelezi. Hati za hayo mashamba zilipitishwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakati kamishna Harry Johnston anakagua madai ya wazungu waliosema wamenunua kwa machifu, na mara nyingi bei yenyewe ilikuwa vitambaa, bunduki na vitu vidogo vidogo. Kwahiyo mtu analala usiku akiwa kwenye ardhi ya babu zake, anaamka anaambiwa yeye ni mpangaji.

Hilo jina Magomero lina historia nyingine inayotuhusu sisi wa huku. Mwaka 1861 wamisheni wa Kianglikana wa UMCA, wakiongozwa na Askofu Mackenzie, walifungua kituo chao cha kwanza hapo hapo Magomero, walishauriwa na Livingstone. Haikufika mbali, kulikuwa na vita vya watumwa, njaa na homa, Mackenzie mwenyewe akafa Januari 1862, na waliobaki mwaka 1864 wakahamia Zanzibar. Ndo hao hao walioenda kujenga kanisa kuu la Mkunazini pale palipokuwa na soko la watumwa. Kwahiyo kanisa la Mkunazini na shamba la Magomero vina shina moja, ila shina lile lilipong'oka Magomero, ardhi ikabaki ikaja kuwa shamba la pamba.

Pamba ndo yenye kesi hapa. Kwanza walilima kahawa, ikawashinda, wakahamia pamba, na pamba inataka mikono mingi wakati wa mvua, wakati ule ule ambao mkulima anatakiwa awe kwenye mahindi yake. Kulikuwa na utaratibu ulioitwa thangata. Hilo neno kwa Kichewa maana yake ni kusaidia tu, jirani anakuja kukusaidia kulima unampikia pombe na chakula mnamaliza, lakini walowezi wakalichukua wakaligeuza kuwa kodi ya pango, unaishi kwenye shamba langu basi unalipa kwa kunifanyia kazi. Mwezi mmoja wa pango na mwezi mwingine wa kodi ya nyumba ya serikali, hiyo ndo hesabu ya kwenye karatasi. Shambani kwa Bruce ilikuwa inafika miezi minne, mitano, kwasababu anayehesabu siku zako ni yule yule anayekutumikisha. Na wengi waliobanwa walikuwa Walomwe, wahamiaji waliokimbia mateso ya Wareno Msumbiji, wao hawakuwa hata na ile kinga ndogo iliyoandikwa kwenye hati ya kulinda vijiji vilivyokuwepo tangu mwanzo. Mgeni hana pa kushtakia.

Meneja wa shamba aliitwa William Jervis Livingstone, Mskoti, alikuwa mkali, viboko vilikuwa vya kawaida. Shamba lile halikuruhusu shule wala kanisa la watu wa PIM. Ekari zote hizo, maelfu ya watu, na hakuna mahali pa kujifunzia a e i o u. Waumini wakajenga vibanda vya ibada vya miti na nyasi hapo hapo shambani, meneja akavichoma moto. Kwa sheria ya yule mlowezi hakuchoma kanisa, alichoma kibanda kilichojengwa bila ruhusa kwenye shamba la kampuni, na ndo maana nasema kiwanja kwanza. Muumini wa Magomero alikuwa anatembea mpaka Mbombwe Jumapili, na akivuka mpaka wa zile ekari 93 alikuwa anakanyaga mahali pekee ambapo hakuna mtu angemwambia wewe unadaiwa thangata.

Sasa tuseme ukweli kuhusu maisha ya pale, maana watu wanafikiri ilikuwa kambi ya waasi wakati ilikuwa shule. Ule umoja wa Wabaptisti weusi wa Marekani ulimtuma mmisheni Landon Cheek mwaka 1901 na mwaka uliofuata akaja Emma DeLany, mwanamke mweusi wa Florida aliyesoma chuo cha Spelman. DeLany na mke wa Chilembwe, mama Ida, walifundisha wanawake kushona, usafi, kusoma. Kulikuwa na kahawa, pamba, chai kidogo. Kufika 1912 kulikuwa na shule saba zimesambaa vijijini. Chilembwe alikuwa anahimiza kazi, akiba, mavazi nadhifu, alikuwa anapinga pombe. Hakuna kitu cha kutisha hapo, ni mahubiri ambayo hata leo utayasikia kanisa lolote la Kibaptisti au la Kipentekoste Mbeya.

Ila mavazi yaliwatisha wazungu. Ukiangalia picha za PIM utaona wanaume kwa suti na kofia, wanawake magauni marefu, wameketi kwa mpangilio kama familia zinazojiheshimu. Kwa walowezi wengi Mwafrika kuvaa kofia mbele ya mzungu na asiivue ilikuwa dharau, watu walipigwa kwa hilo jambo. Ndo maana msanii wa Kimalawi, Samson Kambalu, alipotengeneza ile sanamu ya London alichukua picha ya mwaka 1914 ya ufunguzi wa kanisa jipya, Chilembwe amesimama na mmisheni wa Kiingereza John Chorley, wote wana kofia kichwani. Kwenye sanamu Chilembwe ni mkubwa kuliko mzungu. Watu wengi London walipita wakaona mtu na kofia, lakini kwa aliyejua Chiradzulu ya 1914 ile kofia ni kesi nzima.

Na hilo kanisa jipya lenyewe. La tofali za kuchoma, kubwa, lina minara, limejengwa na mafundi weusi kwa pesa za washirika na michango ya weusi wenzao wa Marekani. Eneo lote lile kitu cha kulinganisha nacho kilikuwa kanisa la Waskoti la St Michael pale Blantyre lililokamilika 1891. Nadhani hapa tuwe wakweli, jengo linaongea. Mtu anayeishi nyumba ya udongo, anayefanya thangata miezi minne, kibanda chake cha ibada kimechomwa juzi, akiingia humo ndani akakaa kwenye benchi, alikuwa anajua kitu ambacho mahubiri peke yake yasingemfundisha. Mlowezi naye alikuwa anajua.

Kuna jambo la Kibaptisti ambalo wachambuzi wengi wanalipita. Wabaptisti hawana askofu. Kila kusanyiko linajitawala, linachagua viongozi wake, linapokea washirika kwa kura, na ubatizo ni wa maji mengi, mtu mzima aliyeamua mwenyewe anazamishwa mtoni. Waskoti wa Blantyre walikuwa wanamsubirisha mtu muda mrefu darasani kabla ya kumbatiza, Chilembwe alikuwa anabatiza haraka zaidi, na wazungu wakamlaumu kwamba anakusanya watu bila kuwapima. Mimi nalitazama upande mwingine. Mtu ambaye nchi nzima imemuambia yeye hana uamuzi, hachagui kazi, hachagui mwezi wa kulima, hapa anaulizwa na mchungaji mweusi mbele ya watu, wewe unaamini, na jibu lake linatosha. Lakini mfumo huo huo ulikuwa na udhaifu wake, kusanyiko lisilo na askofu halina mkubwa wa kwenda kugonga meza kwa gavana. Cheek na DeLany waliporudi Marekani, Chilembwe alibaki peke yake kwa maana halisi, pesa kutoka ng'ambo zinasuasua, pumu inambana, macho yanafifia.

Mwaka 1913 ukaja ukame na njaa. Mwaka uliofuata vita kuu ikaanza, na ilianza kwa upande wetu, Wajerumani wakatoka huku Tukuyu wakaenda kupigana na Waingereza Karonga mwezi Septemba 1914. Wamalawi walikufa pale kwa ugomvi wa wazungu wawili, na wengine wengi wakachukuliwa kuwa wapagazi. Novemba Chilembwe akaandika barua gazetini, hoja yake ilikuwa rahisi, wakati wa amani kila kitu ni cha mzungu, ikija vita ndo sisi tunaitwa wenzenu tukamwage damu. Serikali ikalizuia lile toleo. Kwa mtu aliyekuwa miaka yote anatii, analipa kodi, anawafundisha watu wake kuheshimu mamlaka, nadhani ile barua ilikuwa mlango wa mwisho aliogonga.

Usiku wa Jumamosi tarehe 23 Januari 1915 watu wake wakaingia Magomero. Wakamuua meneja Livingstone wakamkata kichwa, wakaua wazungu wengine wawili, wanawake na watoto wa kizungu hawakuguswa, ilikuwa ni amri. Jumapili asubuhi kichwa kililetwa kanisani na ibada ikafanyika kikiwepo. Sitalipamba hili. Mtu aliyejenga nyumba ya Mungu kwa miaka yote ile akaruhusu kichwa cha mtu kisimamishwe ndani yake, na siku mbili baadaye wafuasi wake wakachoma misheni ya Wakatoliki ya Nguludi na mtoto wa kike akafia humo. Ukimpenda Chilembwe inabidi uyabebe na haya, mimi nampenda na nayabeba, na sidhani yanafutika kwasababu Livingstone alikuwa katili. Aliandika pia barua kwa Wajerumani wa Tunduru kuomba msaada, Wajerumani wale wale ambao miaka kumi nyuma waliwamaliza watu wa kusini kwenye Maji Maji. Ni wazi alikuwa amebaki bila wa kumshika mkono.

Haukusambaa ule uasi. Tarehe 26 askari walifika Mbombwe wakakuta watu wameondoka, na kanisa wakalilipua kwa baruti. Chilembwe alipigwa risasi tarehe 3 Februari karibu na mpaka wa Msumbiji, akazikwa bila alama. Watu kama 40 wakauawa kwa hukumu za haraka, 300 hivi wakafungwa. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti 1916 ilikiri yenyewe kwamba hali ya shamba la Bruce ilikuwa ya uonevu na kinyume cha sheria, lakini pia ikalaumu elimu ya misheni za Waafrika.

Hilo la baruti nimelifikiria sana. Wahusika walikuwa wamekufa au wamekimbia, jengo lilikuwa tupu, lingeweza kufanywa ghala, shule ya serikali, hata kambi. Wakaona bora walisambaratishe tofali kwa tofali. Huwezi kufanya hivyo kwa jengo unalodhani ni la ibada tu, unafanya hivyo kwa jengo ambalo kila anayepita anaona kwamba mtu mweusi alikuwa na kiwanja, akajenga, na hakukuomba wewe ruhusa.

Na kanisa likapigwa marufuku. Miaka 11. Mama Ida akafariki 1918. Mtu aliyekuja kulifungua alikuwa kijana wa pale pale Chiradzulu, Daniel Malekebu, mwanafunzi wa DeLany. Mwalimu wake aliporudi kwao Marekani, huyu mtoto alimfuata, akatembea mpaka pwani, akafanya kazi kwenye meli, akafika, akasoma, mpaka akahitimu udaktari Meharry, Nashville, mwaka 1917. Akaoa Flora Zeto, Mkongo, naye msomi wa Spelman. Walipojaribu kurudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ikawakatalia, wakaenda kufanya kazi Liberia. Mwaka 1926 wakaruhusiwa. Nafikiria wale washirika waliomsubiri, wale ambao miaka 11 hawakuwa na jengo wala mchungaji anayetambulika, wengine baba zao wamenyongwa, wakaja siku ya kwanza kumsikiliza daktari. Hapo ndo lile jambo la kutokuwa na askofu linageuka kuwa nguvu, hakukuwa na makao makuu ya kufunga, kusanyiko lilikuwa ni watu wenyewe, walikuwa wameendelea kuwepo majumbani.

Malekebu alikuwa mwangalifu sana na serikali, kuna vijana wa baadaye walimwona muoga. Mimi siwaungi mkono. Alifungua zahanati, akafungua shule, bi Flora akaendeleza mambo ya wanawake, na wakajenga tena, tofali tena, hekalu jipya likakamilika 1933, wakaliita Yerusalemu Mpya. Kujenga tena mahali ambapo serikali ililipua, mbele ya serikali ile ile, hakuwezi kuitwa uoga.

Thangata yenyewe iliendelea. Kulikuwa na sheria ya 1917 ya kuigeuza iwe pango la pesa, walowezi wakapata mianya, na ilikuja kufutwa kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1960, uhuru unakaribia. Mashamba ya Magomero yaliuzwa vipande vipande, sehemu kubwa ikanunuliwa na serikali miaka ya 1950 ikagawiwa wanakijiji, lakini kule Thyolo na Mulanje, jirani tu, mashamba makubwa ya chai yapo mpaka leo na malalamiko ya ardhi hayajaisha, vijiji vimebanana pembeni ya chai.

Kila Januari viongozi wanaenda PIM, wanaweka mashada, suti zimenyooka, kwaya zinaimba. Mchungaji anahubiri ndani ya tofali za 1933. Nje, washirika wakitoka ibadani, wengi wanarudi kulima vipande vya shamba ambavyo unaweza kuvimaliza kwa macho ukiwa umesimama mlangoni, na mjadala wa nani ana hati ya nini unaendelea njiani mpaka nyumbani.